Saada, Nenda Kawapige Picha Elki Wako

Saada mwanangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Najua utasoma polepole, midomo ikicheza, na kuna maneno yatakayokukwamisha. Ukikwama nipigie simu, hiyo itakuwa faida yangu. Wenzangu kazini huniambia watoto wa huku huandikiwa kwa Kiingereza, tena maneno mawili matatu kwenye simu. Mimi sitaki. Mambo haya yalinipata kwa Kiswahili na kwa Kiswahili nitayasema.

Gari lako liko hapo nje limejaa mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu. Sitakuambia habari ya oili wala ya magurudumu, maana mimi ndiye niliyekufundisha kuendesha, na kama hukushika basi nimefundisha bure. Sitakuambia uswali, unajua. Sitakuambia ule, nimekufungia mahamri ya kutosha jeshi. Nataka kukuambia habari ya uwanda ule wa elki. Wewe unausimulia kivyako, mimi kivyangu, na huko Missouri City kwa mjomba wako unasimuliwa na watu ambao hata hawakuwapo. Kabla hujaondoka nataka uisikie ya kwangu yote, pamoja na pale ambapo sikufanya vizuri.

Lakini nirudi nyuma kidogo, ili umjue yule mwanamke uliyesimama naye kule mlimani alikuwa ametoka wapi.

Tulipofika Houston ulikuwa hujaanza shule. Baba yako alikuwa amekwisha kushika njia yake Mombasa, nami nikashika yangu. Kakangu Hamid, mjomba wako, ndiye aliyetupokea nyumbani kwake Missouri City, pembezoni mwa Houston, akatupa chumba cha juu chenye dirisha linalotazama bwawa la bata. Hamid ni nesi. Unesi ulimjengea nyumba ile, ukamsomeshea watoto, ukamleta na mkewe. Kwake yeye unesi ni kama mlango: ukiupita umeokoka, usipoupita uko nje kwenye mvua. Akanitafutia na mimi kazi ya kutunza wazee. Niliifanya kwa moyo safi wala siidharau mpaka leo. Nimewaogesha watu waliokuwa majaji na walimu, wakanishika mkono wakilia kama watoto. Lakini kila nikitoka kazini nilikuwa nasimama kituo cha mafuta, nikiyatazama matrela yakikata kona kuingia barabara kuu, na roho yangu ikiyafuata.

Siku niliyomwambia Hamid nataka kusomea udereva wa trela, aliweka kijiko chini.

"Zuhura, umerogwa?"

"Sijarogwa, kaka. Nataka kuendesha."

"Mwanamke wa Mombasa, wa Kibokoni, aendeshe trela Marekani? Watu watasema nini?"

"Watasema Zuhura anaendesha trela."

Mkewe alicheka, akaziba mdomo na upindo wa mtandio. Hamid hakucheka. Alinena mengi siku ile, na mengine sikuyasahau. Nikasoma, nikafeli mtihani wa kurudisha trela nyuma, nikarudia, nikapita. Kisha nikakuchukua wewe na masanduku tukahamia Irving, karibu na Dallas, hapa chini ya njia ya ndege, kwenye fleti hii ambayo vikombe hutetemeka kabatini kila ndege inapotua.

Nakuambia haya ili usije ukadhani mama yako alizaliwa na kichwa kigumu. Nilikijenga. Na hata baada ya kukijenga, kilikuwa kigumu mbele ya ndugu zangu tu. Mbele ya wageni kilikuwa laini kama maandazi. Hilo sikulijua mpaka mlimani.

Nilipokuwa safarini ulikuwa ukibaki kwa jirani zetu wa chini, Papa Kabeya na mkewe. Wao ni watu wa Lubumbashi, na Papa Kabeya ndiye mpiga picha wa harusi za watu wetu wote hapa, awe Mkenya, Mtanzania au Mkongo. Alianza kukuchukua ukamshikie taa. Kisha akakuachia kamera yake ya zamani. Siku moja alipanda ngazi akiwa na kamera ile mkononi, akanionyesha picha uliyoipiga: bi harusi amekaa jikoni peke yake, kavua viatu, anakula sambusa.

"Mama Saada," akaniambia, "huyu mutoto iko na macho. Mimi nilikuwa kule kule, sikuona kitu."

Nikasema mashallah, nikaenda zangu kulala. Nilidhani ni mchezo wa wikendi. Ulipoanza kukaa mtaroni nyuma ya fleti ukiwapiga picha korongo weupe, jua likikuchoma, nilikuita ndani nikakuambia ndege hawafungi ndoa, rudi kwa Papa Kabeya ukapige picha za watu. Ulinitazama tu. Siku hizo ulikuwa umeanza tabia ya kunitazama bila kujibu, nami nikaona ni utovu wa adabu. Kumbe ulikuwa unasubiri nikue.

Basi ikaja likizo ile fupi ya Oktoba. Nilikuwa napeleka matunda Denver, na kampuni ikanipa ruhusa uje nami ndani ya lori. Tulipomaliza kushusha, shehena ya kurudia ikachelewa. Nilitaka tulale. Wewe ulikuwa umejipanga tangu Irving, bila kuniambia.

"Mama, tukodi gari ndogo. Twende juu, milimani. Kuna elki."

"Elki ni nani?"

Ukanionyesha kwenye simu. Nikaona mnyama wa jamii ya kulungu, lakini mwili wake kama wa farasi, shingo ina manyoya meusi kama kavaa skafu, na pembe kichwani kama mti uliokauka matawi. Ukaniambia mwezi ule madume huteremka kwenye nyanda za majani kuwatafuta majike, wanalia na kupigana, hawali, hawalali. Nikasema mbona nawafahamu wanaume wa namna hiyo. Ukacheka, nami nikakodi gari kwa sababu ya kicheko kile. Ulikuwa hujacheka na mimi siku nyingi.

Uwanda wenyewe unaukumbuka. Milima pande zote, miti ya manjano, na katikati ule mkeka mrefu wa nyasi rangi ya simba. Nilikuwa nimeendesha katika nchi hii miaka mingi, lakini barabara kuu hazikuonyeshi hivyo. Zinakuonyesha vituo vya mizani na mabango ya mawakili. Nilishuka nikasimama tu. Na ndipo dume akalia. Sikutarajia sauti ile. Mnyama mkubwa vile nilimtazamia angurume, naye akapiga mbinja, nyembamba, ndefu, ikapanda ikapanda, ikakatikia kwenye mikoromo. Nywele zilinisimama.

Kando ya barabara kulikuwa na safu ya wapiga picha, karibu wote wanaume, karibu wote wazee, na lenzi ndefu kama mabomba ya maji, zimekaa juu ya stendi. Ukaona nafasi kati ya stendi mbili, ukaingia na ile kamera ya Papa Kabeya. Yule mzee wa kulia, mwenye koti la rangi ya majani makavu, akageuka.

"Hapa pana mtu," akasema. "Nimekaa hapa tangu mchana."

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyasi. Akakutazama wewe, kisha akanitazama mimi, mtandio wangu, suruali yangu ya kazi, viatu vyangu vya lori. Akamwambia mwenzake, bila kupunguza sauti, kwamba siku hizi watu wanakuja kutoka mijini, hawajui wanyama, wanakuja kuwafukuza tu.

Nami nikasema samahani. Nikakushika mkono, binti mkubwa vile, nikakurudisha garini kama mtoto aliyevunja sahani dukani.

Uliniuliza swali moja tu, mlango ulipofungwa, tena uliliuliza kwa Kiswahili ili nisipate pa kujificha.

"Mama, umeomba samahani ya nini? Tumemkosea nini?"

Niliwasha gari. Tulikwenda tukala viazi vya kukaanga kwenye mji ule mdogo, wewe ukitazama dirishani. Nilikuwa nikizihesabu moyoni samahani zangu zote nchini humu. Samahani kwa mlinzi wa ghala aliyenisubirisha nusu siku. Samahani kwa mwalimu wako aliyelikosea jina lako. Samahani kwa yule mwanamke dukani aliyenigonga yeye kwa toroli lake. Mimi, niliyemjibu Hamid mbele ya mkewe na watoto wake, nilikuwa nimeigawa samahani kama pipi za harusini. Nawe ulikuwa pembeni yangu kila mara, ukitazama, kama unavyotazama kila kitu.

Samahani ni neno zuri, Saada, lakini linataka kosa mbele yake. Bila kosa ni kupiga magoti barabarani.

Asubuhi nilikuamsha mimi. Ukaniuliza tunarudi Denver? Nikakuambia tunarudi uwandani. Tulifika kabla ya wote. Niliswali alfajiri hapo kando ya barabara, kwenye shuka, umande umeganda juu ya nyasi ukivunjika chini ya magoti kama sukari. Ulipoinuka na wewe kutoka kwenye sala, tukachagua mahali. Tulichagua pale pale. Ningeweza kuchagua pengine, uwanda ni mrefu. Sikutaka.

Mzee wa koti akaja na stendi yake begani. Akatuona. Nikajua amenikumbuka.

"Mama, hapa ndipo ninapokaa," akasema. "Kila mwaka."

"Karibu ukae," nikamwambia. "Leo sisi tumetangulia. Pembeni yetu pana nafasi."

Sauti yangu haikutetemeka. Mzee akaenda kumwita askari wa mbuga, msichana mwenye kofia pana aliyekuwa akitembea tembea pale. Nikakuona umeishusha kamera, nikakuambia, "Iinue. Hujafanya kosa." Askari akaja, akasikiliza, akasema mtu yeyote anaweza kusimama upande huu wa barabara, sharti ni moja, asiingie kwenye nyasi za uwandani, maana madume wakati huu hawana simile. Kisha akaenda upande wa pili. Mzee akafunga stendi yake pembeni yetu, midomo imebana.

Ningeishia hapo, ningekuwa na kisa kizuri cha kusimulia. Lakini nilisema nitakuambia yote.

Ushindi ule ulinilewesha. Nilikuwa sijawahi kusimama hivyo mbele ya mgeni, nikahisi nimerefuka. Yule dume mkubwa alipotokea kwenye miti akiwafukuza majike wake, nikaona uko mbali naye mno. Nikakuambia, "Sogea. Ingia kwenye nyasi, upate nzuri."

"Hapana, mama. Ameshatuona. Tazama masikio."

"Masikio kitu gani. Sogea."

"Mama, hapana."

Ukakataa. Nami, ili nikuonyeshe kwamba hakuna cha kuogopa, nikaingia kwenye nyasi mwenyewe. Hatua chache tu, mikono kiunoni kama niko uani kwetu. Dume akageuza kichwa. Akainamisha zile pembe. Halafu akaja, bila hata kunguruma, udongo ukirukaruka nyuma yake.

Unajua nilichosikia? Sikusikia kwato. Nilisikia sauti yako, chini, tulivu kabisa, kana kwamba unamwongoza mtu kuegesha gari. "Mama, usikimbie. Rudi nyuma. Njoo kwangu. Nyuma ya gari. Njoo." Nikarudi kinyumenyume, kiatu kikanitoka, nikaanguka kwenye kokoto. Mkono ukanishika kwapani ukanivuta nyuma ya gari. Ulikuwa wa yule mzee wa koti. Dume akasimama ukingoni mwa barabara, akayachana majani kwa pembe, akatupa donge la nyasi mgongoni kwake, akatutazama. Kisha akawarudia wake zake.

Yule mzee akaniokotea kiatu ukingoni mwa barabara. "Mama," akasema, "yule hana mzaha." Nikamwambia asante. Askari akarudi mbio, akanikemea mbele ya watu wote kama mtoto wa shule, akaniambia nikirudia ataniondoa. Nikamwambia samahani. Safari hii ilikuwa na kosa mbele yake, nikaitoa nzima.

Niliketi chini nikiutafuta moyo wangu, na hapo nikaelewa kitu ambacho sikukielewa miaka yote. Yule mzee aliniambia niondoke kwa sababu hakutaka kuniona. Yule mnyama aliniambia niondoke kwa sababu pale ni kwake, na ana jambo analolifanya. Mimi nilikuwa nimewatii watu wa namna ya kwanza maisha yangu yote, na siku nilipokoma kuwatii nikadhani sina wa kumtii tena. Wewe ulikwisha kuijua tofauti yao kwa kutazama masikio tu. Huko uendako utakutana na wote wawili. Sikufundishi kuwatambua. Naungama tu kwamba ulinitangulia.

Tulibaki. Hilo nalipenda mpaka leo: sikukurudisha garini mara ya pili. Nilivaa kiatu changu, nikakaa juu ya boneti na goti linavuja damu, tukabaki mpaka jua likapanda na watu wengi wakaondoka. Walikuwa wameshapata walichokifuata, dume kasimama, mdomo wazi, mvuke unamtoka kama birika. Wewe hukuwa umepiga hata moja niliyoiona. Nikaanza kuudhika tena, nikajibana mdomo.

Kisha dume akachoka. Akakunja magoti ya mbele, akajilaza katikati ya uwanda, kichwa kikimwelemea kwa zile pembe, mbavu zinahesabika, jicho moja limefumba. Majike wakawa wanakula kumzunguka, hawana habari naye. Mmoja akamruka mguu. Hapo ndipo ulipoinua kamera.

Yule mzee alikuwa bado anafungasha. Akaja akaomba kuiona. Akaitazama muda mrefu kwenye kile kioo kidogo.

"Kwa nini umempiga amelala?" akakuuliza.

"Kwa sababu amechoka," ukamjibu. "Na hakuna aliyekuwa anamtazama."

Alikurudishia kamera kwa mikono miwili. Sijui alifikiri nini na sikujali. Lakini niliiona ile mikono miwili.

Papa Kabeya alipoiona picha ile hapa Irving alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu nyama," akasema, "iko sawasawa bwana harusi karamu ikiisha." Kisha akaacha kucheka, akavaa miwani, akaitazama tena, akasema uitume kwa watu wanaosomea wanyama. Ukaituma, na zingine ulizopiga baadaye, na ndipo watu wa chuo kimoja cha milimani wakakuandikia: njoo usome wanyama, na wakati unasoma utatupigia picha za makundi ya elki, msimu hadi msimu, tuwajue mmoja mmoja.

Kwenye kikao cha Missouri City ulikuwepo, sina haja ya kukusimulia alichosema kila mtu. Lakini kuna lililokuwa likipita ndani yangu ambalo hukuliona. Tulikuwa tumemaliza biriani ya Idi. Mjomba wako akasema mbele ya wote kwamba umepata nafasi ya unesi hapo Houston, amehangaika kuitafuta, na chumba cha juu kiko wazi. Ukamjibu kwa Kiswahili, wewe ambaye humjibu kila mtu kwa Kiingereza.

"Nashukuru, mjomba. Siendi."

Nilisikia kijiko kikianguka jikoni. Hamid hakukugeukia wewe, alinigeukia mimi.

"Zuhura, hayo ni yako. Wewe ulianza. Sasa mtoto anakwenda kukaa porini na wanyama. Huko milimani kuna watu weusi wangapi? Kuna msikiti? Gari likimharibikia kwenye theluji, atagonga mlango wa nani? Na atakayefungua atamwona nani?"

Sasa sikiliza. Watu husema Hamid aliongea kwa sababu ya kiburi. Si kweli. Aliongea kwa hofu, na hofu ile naijua kwa sababu nalala nayo kitanda kimoja. Nimeendesha usiku kwenye majimbo ambako niliufunika mtandio kwa kofia ili nisitazamwe sana kituoni. Nimekaa garini na kiu badala ya kuingia duka fulani. Kila alichosema nilikuwa nimekwisha kujisemea. Nilikuwa na dakika ile mkononi ya kukuambia ubaki, na ungebaki, kwa kunihurumia.

Nikamwambia, "Kaka, nimekusikia. Wewe ulitupokea, sitalisahau hilo mpaka naingia kaburini. Lakini hofu yako na yangu zimelea mtoto huyu mpaka hapa, zimefanya kazi yake, zipumzike. Anakwenda. Akigonga mlango na ukafungwa, atagonga mwingine. Na mimi nina trela. Hakuna mlima wenye barabara ambao sitaufika."

"Unamtupa mtoto," akasema.

"Namtuma," nikasema.

Tukaondoka. Mkewe akatukimbilia mpaka garini na bakuli la biriani limefunikwa foili, machozi yanamtoka. Njia nzima mpaka Irving uliendesha wewe, nami nilitazama dirishani, kama wewe siku ile ya viazi. Tangu hapo Hamid hakunipigia.

Kwa hiyo usije ukaenda huko kwa kunyemelea, kana kwamba umetoroka. Hukutoroka. Umetoka mlango wa mbele, mama yako ameushikilia wazi, na aliyetaka kuufunga alinikuta mimi. Wapo watakaokuuliza huko unafanya nini wewe, mtu wa namna yako, na kamera kwenye uwanda wao. Usieleze sana. Mimi nimepoteza miaka nikieleza. Ukieleza sana, mtu anadhani yeye ndiye hakimu. Sema unapiga picha za elki, kisha uendelee kupiga picha za elki. Vaa mtandio wako ukitaka kuuvaa, na siku usiyotaka, hilo ni lako na Mola wako, si la Mama wala si la mtu wa dukani. Kazi ikikushinda, sema imenishinda, ujaribu tena au ufanye nyingine. Lakini usirudi kwa kuwa mtu amekutazama vibaya. Kwa sababu hiyo, sitakufungulia. Ninaongopa, nitakufungulia, lakini nitakufungulia nimenuna.

Na kama utaona upweke, maana utauona, usiufiche ukipiga simu. Mimi nilikuwa nampigia marehemu mama yangu Mombasa kila Ijumaa kumwambia niko salama, nina furaha, nanenepa. Nilikuwa nalia kwenye maegesho, nafuta uso, napiga simu. Alikufa anaamini Marekani hakuna anayelia. Nilidhani namkinga. Nilimnyima mwanawe, basi. Wewe nipigie unalia. Nitakusikiliza huku naendesha.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, lakini jioni hii, ulipokuwa chini kwa kina Papa Kabeya ukiwaaga, simu ililia. Hamid. Sikumbuki mara ya mwisho moyo wangu uliporuka hivyo kwa simu.

Hakusalimia. "Anaondoka saa ngapi?"

"Alfajiri, baada ya sala."

Nilisikia televisheni yao, na mkewe akimnong'oneza kitu.

"Mimi bado sikubali," akasema.

"Najua, kaka. Na mimi bado sikubali kutokubali kwako."

Akakohoa, kile kikohozi chake cha kabla ya kumpa mgonjwa dawa. "Mwambie akishapita mji wa Amarillo, giza likimkuta alale. Asiendeshe. Huko wanyama wakubwa wanakatiza barabara usiku."

Nilijaribu kujizuia, nikashindwa. Nikamwambia, "Hamid, hao ndio anaowafuata."

Nikadhani amekata. Kisha nikamsikia kakangu anacheka. Si sana, puani tu, kama mtu aliyeshikwa. Akaniuliza kama una blanketi la kutosha, na kama ni zito hasa, maana yeye analo la sufu halitumiki. Nikamwambia unalo. Akasema atalituma hata hivyo.

Mamako,
Zuhura